Lima, Maana Yake Tano

Chama cha wakulima kimenichagua mimi, karani wake,
niende Sumatra nikaone wanavyokoboa kahawa ingali mbichi.
(Jirani mmoja alidhani ni ile mamlaka ya zamani ya mabasi,
akanituma malalamiko ya nauli.)
Tiketi ipo. Sindano ya homa ya manjano nimechomwa.
Kilichobaki ni ulimi.

Evarist, anayepandisha wageni mlimani,
aliokota maneno kwa wateja wa Jakarta:
yeye akiwaambia polepole,
wao wakijibu pelan-pelan,
na hadi Kibo, anasema, hakuna aliyeomba tafsiri.
Kila Jumanne nashuka toka Uru na daftari langu,
tunakaa nyuma ya duka la mbegu, karibu na Mnara wa Saa,
ananifundisha kwa bei ya chai na vitumbua viwili.

Apa kabar.
Mbona hii ni habari iliyovaa koti?
Waktu, wakati. Sabun, sabuni. Dunia, dunia.
Nikajiona nimeshafika.
"Mama, usikimbie," akasema.
"Kakak anaweza kuwa mwanamke,
na dada ni kifua. Usije ukamwita mtu dada sokoni."

Satu ni moja;
nitataka ndizi moja, sikio langu lisikie tatu.
Dua ni mbili;
basi aliyeomba mara moja arudie.
Lima ni tano.

Hapo niliweka kalamu chini.
Nikavitazama vidole vyangu, udongo kwenye kucha,
tangu usichana havijaambiwa neno lingine:
lima, lima, lima, lima,
na wewe wa mwisho, lima.

Hati ni moyo.
Kwetu hati ni karatasi yenye muhuri,
na kwa ajili ya hati ya kihamba cha marehemu mume wangu
mimi na wifi Restituta huu ni mwaka wa sita
tunapishana mferejini kama miti.
Hati-hati, kumbe, ni kujihadhari.
Moyo, mara mbili.

Neno la mwisho siku hiyo: maaf.
"Hili utalihitaji kuliko yote," akasema Evarist,
"ukimkanyaga mtu, ukikohoa mezani, ukikosea bei."
Nikapanda nalo hadi Uru nikilitafuna,
maaf, maaf, migomba ikinisikiliza.
Nisamehe linaanza na mimi, ndiyo maana hukwama kooni.
Kichagga chataka jani la sale mkononi,
na jani likishakatwa halirudi shinani.
Hili la ng'ambo ni jepesi.
Halina jani, halina ukoo, halijui nani alisema nini msibani.

Alikuwapo mferejini, ameinama,
anafungulia maji ya zamu yake.
Nilikuwa nafanya mazoezi tu.

"Maaf."

Akainuka. "Maafa gani tena?"
"Si maafa. Ni lugha. Ya safari."
"Maana yake?"

Mdomo ukakataa.
Nikafungua daftari, nikamshikia.
Miwani hana; akalisogeza mbali, akalisogeza karibu,
akasoma kimyakimya, midomo ikitembea,
na maji yakaendelea kuingia shambani kwake
hadi yakazidi, yakafurika kwenye mahindi,
wala hakuyageukia.

"Na mtu akiambiwa hivi," akauliza, "anajibuje?"

Nikageuza ukurasa. Mweupe.
"Hatujafika hapo," nikasema. "Ni somo la Jumanne."

Akarudi kuziba maji yake.
Jembe alikuwa amelilaza katikati ya njia, kama siku zote.
Akalivuta kwa mguu, kidogo,
nikapita.